Fomu Nilizojazia Zizini

Vijana wangu, shikamoo zenu za juzi nilizipokea vizuri, marahaba tena. Mlikuja watatu, vitambulisho shingoni na tableti mkononi, mkanikuta kibarazani nakanda magoti. Mkaniuliza maswali yenu, mkabonyeza, mkashukuru. Yule binti mrefu aliposikia kwamba kazi hiyo ya kuhesabu kaya niliifanya mimi tangu enzi za karatasi, akaniomba nimwandikie kidogo sosholojia ilitokea wapi, maana mwalimu wao chuoni amewapa swali hilo na hajui aanzie wapi. Nikamwambia nitajaribu. Nimechoka, sitawadanganya. Macho yananisumbua na mkono unatetemeka. Ila kuna jambo mlilifanya pale kibarazani ambalo limeninyima raha tangu mwondoke, na nitalifikia nikimaliza kuzunguka.

Mimi nilizaliwa Itigi, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa njia ya treni. Kule kila nyumba ilikuwa na namba mlangoni, imepigwa rangi nyeupe, na nyuma ya namba kulikuwa na mfanyakazi mmoja, mke wake na watoto wao. Ukisema namba kumi na nne, kila mtu anajua ni kwa baba Rajabu, yaani kwetu. Nimekua nikiamini kwamba dunia nzima imepangwa hivyo: mlango, namba, baba. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kazi niliipata miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Serikali ilitaka watu wa vijijini wakae pamoja, walime pamoja, wapate shule na maji pamoja, na kabla ya kuwahamisha ilitaka kujua wanaishije. Kutoka chuo kikuu huko Dar akaja Mwalimu Mutasingwa, Mhaya mmoja mwembamba, mpole, aliyesoma Ulaya na kurudi na kikohozi. Alitafuta makarani wenye mwandiko mzuri wanaoweza kuendesha baiskeli kwenye mchanga. Mwandiko ninao. Baiskeli niliidanganyia, nikajifunza njiani, na makovu ninayo hadi leo.

Siku ya kwanza alinikuta na kalamu ya wino mfukoni, ile niliyonunua makusudi nionekane mtu wa ofisi. Akaichukua, akanipa penseli na kiwembe cha kuchongea.

"Wino ni wa hakimu," akaniambia. "Wewe hujui kitu bado."

Nilinuna siku mbili. Penseli ile ndiyo iliyokuja kuniokoa.

Makosa ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha tu. Fomu ilikuwa na swali la ng'ombe. Nikamwendea mzee mmoja wa kijiji cha Issuna, huko Singida, hata salamu sijamaliza, nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Na baba yako wewe," akaniuliza, "ana meno mangapi?"

Wake zake walicheka mpaka mmoja akadondosha kata ya maji. Baadaye Mwalimu akanieleza. Kwa Wanyaturu, ng'ombe walio zizini kwa mtu si lazima wawe wake, na walio wake huenda wako kwa rafiki vijiji vitatu mbele, amewaweka huko ili wakipatwa na ugonjwa wasife wote, na ili undugu uwe na mahali pa kupitia. Kumtaka awahesabu mbele ya mgeni ni kumvua nguo. Tangu hapo nikaacha kuuliza idadi. Nikawa nauliza anayekamua ni nani, anayekunywa maziwa ni nani, na ng'ombe akifa nyama inapelekwa kwa nani kwanza. Majibu yakaja yenyewe, na kibuyu cha maziwa juu yake.

Swali jingine lilitafsiriwa kutoka kwenye fomu za Ulaya: unaonaje mshikamano wa kijamii katika eneo lako? Bibi mmoja akaniuliza mshikamano ni mdudu gani. Nikajieleza huku jasho linanitoka. Mwishowe akanionea huruma. "Kama unasema majirani, wapo. Wiki iliyopita wamekuja kunilimia, nikawapikia pombe, wakanywa, wakapigana kidogo, wakaenda." Nikaandika: mzuri. Mwalimu aliposoma akaniambia nifute nimwandike bibi kama alivyosema, pamoja na ngumi.

Sasa hilo la binti mrefu. Sosholojia mimi sikuisoma darasani. Nilifundishwa juu ya jiwe, katikati ya Issuna na Singida, siku Landrova yetu ilipokatika springi tukakaa kumngoja dereva aliyekwenda kutafuta fundi. Tulikuwa watatu: Mwalimu, mimi, na Mzee Njiku wa Issuna, ambaye tulimpa lifti apeleke ngozi zake mjini. Mzee Njiku alikuwa na boma kubwa na mdomo usio na breki.

"Mwalimu," akaanza, "hii elimu yenu ya kwenda kuuliza watu mambo ya nyumbani kwao, ilianzishwa na nani? Mtu aliyekosa kazi?"

Mwalimu akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akajibu, na nadhani sijawahi kusikia darasa zuri kama lile. Alisema Ulaya nako watu waliwahi kuhamishwa. Walikuwa wakulima kama wa Issuna, wanajua jirani na ukoo wa jirani. Halafu mashine zikaja, mashamba yakazungushiwa ua na wenye nguvu, watu wakamiminika mijini kufanya kazi viwandani. Huku wafalme wanaangushwa, na kanisa watu hawaliogopi tena kama zamani. Katika miji ile mtu alikufa chumbani na wa chumba cha pili asijue. Ndipo wasomi wakashtuka, wakajiuliza swali ambalo kijijini hakuna aliyewahi kulihitaji: watu hawa wameshikwa na nini hata wasitawanyike?

Mfaransa mmoja akasema jamii inaweza kuchunguzwa kwa makini kama watu wanavyochunguza mawe na nyota, na elimu hiyo akaipa jina. Mjerumani mmoja mwenye ndevu nyingi akasema acheni maneno mazuri, tazameni nani mwenye mashine na nani mwenye mikono mitupu, hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Mfaransa mwingine, wa baadaye, akasema jamii ni kitu kizito kuliko mtu mmoja mmoja. Huioni, lakini ukijaribu kuipinga unaisikia inakusukuma. Akasema pia kwamba zamani watu walishikamana kwa sababu walifanana, wote wanalima, wote wanachunga, na siku hizi wanashikamana kwa sababu wametofautiana, mshona viatu hawezi kula bila mwoka mikate.

"Huyo wa mwisho, wa kusukumwa," Mzee Njiku akadakia, "alikuwa na mashemeji?"

"Kwa nini, mzee?"

"Naona kama anawasema wangu."

Mwalimu akamwambia pia kwamba karne nyingi kabla ya Wazungu hao, kulikuwa na Mwislamu wa Afrika Kaskazini aliyeandika jinsi wafugaji wa jangwani wanavyoshikana kwa undugu, wakateka mji, wakanenepa humo, wajukuu zao wakalegea na kutekwa na wafugaji wengine. Mzee Njiku akasema huyo ndiye mwenye akili, aliwahi kuchunga. Mwisho kabisa Mwalimu akamtaja Mjerumani mwingine, aliyeiogopa ofisi. Alisema dunia mpya itaendeshwa kwa mafaili. Kila kitu kitakuwa na kanuni na karatasi, kazi itakwenda haraka na bila upendeleo, lakini siku moja karatasi itakuwa na nguvu kuliko mtu aliyesimama mbele yake.

Mimi wakati huo nilikuwa nawaza chakula. Hilo la karatasi liliingia sikio moja likatokea la pili.

Wiki iliyofuata kikohozi cha Mwalimu kikazidi, akarudishwa Dar kutibiwa, akaniachia Issuna niimalize. Aliniachia na agizo moja: "Rajabu, anzia nyuma ya nyumba. Pita kwanza jikoni, ndipo uende kwa wanaume." Nikaitikia ndiyo Mwalimu.

Siku mbili nilifuata agizo. Siku ya tatu jua likanishinda. Kwenda jikoni kulitaka salamu ndefu, na kila nyumba ina jiko lake, na kila jiko lina hadithi yake. Wanaume waliniita zizini, penye kivuli, wakanijibu yote kwa mara moja. Nikajitungia njia ya mkato: zizi moja, kaya moja. Kama kule Itigi, mlango mmoja, namba moja, baba mmoja. Nikawa namaliza maboma tisa, kumi kwa siku. Nilijiona mjanja sana.

Boma la Mzee Njiku lilikuwa na lango moja la miiba, zizi katikati, na tembe tatu zimelizunguka. Mbili za wake zake. Ya tatu ilikuwa ya Mama Mwiru, mjane wa kaka yake. Tulisimama zizini, Mzee Njiku akazungusha fimbo yake hewani.

"Hawa wote ni wangu," akasema.

Nikaandika. Mkuu wa kaya, Njiku. Wake wawili. Wategemezi, mjane mmoja na watoto watatu. Fomu moja, safi, haina hata alama ya kifutio.

Nilipomaliza, Mama Mwiru akaniita. "Karani, mwanangu, utaanguka na njaa kwenye baiskeli hiyo." Akaniketisha kwake, akanipa ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Nilikula nikaongezwa. Nikiwa nimekaa pale niliona kila kitu kwa macho yangu. Mafiga yalikuwa yake. Kilindo cha nafaka, lile pipa la gome la mti, kilikuwa chake, kirefu kunizidi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba lake la samadi, jeusi, aliloachiwa na mumewe kwa ajili ya wanawe, na hata Mzee Njiku hakanyagi pale bila kubisha hodi. Aliniambia mwenyewe, huku ananiongeza mlenda. Nikamsifu mapishi, nikanawa mikono, nikaondoka. Penseli ilikuwa mfukoni na sikuitoa.

Msimu mmoja wa mvua ukapita. Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya. Waliokuwapo wanajua hali ilivyokuwa, sitaki kuirudia. Wengine walikwenda kwa hiari na nyimbo, wengine walipakiwa. Ofisi ilihitaji orodha ya kaya ili igawe viwanja, kaya moja kiwanja kimoja na shamba lake. Orodha iliyokuwapo ni ile yangu. Mwandiko wangu mzuri ulipigwa taipu ukapelekwa Issuna, na mimi nikatumwa nikasome majina, kwa kuwa watu walinifahamu.

Nikasimama kwenye mambo za kupimia, vile vigingi vya kugawia viwanja, nasoma. Mtu akiitwa anakwenda kusimama kwenye kiwanja chake. Nikasoma Njiku, akaenda na wakeze. Nikaendelea hadi mwisho wa karatasi. Waliobaki wamesimama pembeni walikuwa wanawake kumi na mmoja, wajane na wake wakubwa wenye majiko yao, na mbele yao Mama Mwiru na watoto wake. Kilindo chake kilipasuka kwenye lori, uwele alikuwa ameukusanya kwenye kanga.

"Soma tena," akaniambia.

Nikasoma tena. Katibu wa kijiji akamwambia, mama, wewe uko kwa shemeji yako, nenda ukakae naye. Mzee Njiku mwenyewe akatoka kwenye kiwanja chake akaja juu.

"Nilisema ni wangu kwa maana wakiugua nitawauguza," akamwambia katibu. "Sikusema hana nyumba. Nyumba yake ni ya kaka yangu, nitamwambiaje marehemu?"

Katibu akamjibu kwamba yeye anafuata orodha. Mama Mwiru hakuhangaika naye. Alinigeukia mimi.

"Karani. Ulikula ugali wangu, ukamwandika shemeji yangu."

Vijana, nilipaswa kufungua mdomo palepale. Neno moja tu, kwamba nimekosea. Lakini nikikiri kosa la boma moja, itabidi wahesabu upya maboma yote niliyojazia zizini, na kazi ningeipoteza, na Itigi walikuwa wanajivunia mimi. Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta ukurasa. Yeye akajitwisha kanga yake ya uwele akaenda kujibanza nyuma ya kiwanja cha shemeji. Mvua za kwanza zilipoanguka watu walipanda. Yeye alipanda shamba la mwenzake, akiwa kibarua wa watu wa nyumbani kwake, na wanawe wakajua kwamba hawana shamba. Aibu ile ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Nilikaa nayo wiki tatu, silali vizuri, sili vizuri. Kisha Mwalimu akarudi kutoka hospitali amekonda, na nikamwambia yote tukiwa ofisini, mlango wazi. Nilitegemea atanifukuza. Alichukua kiwembe akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

"Nilikueleza juu ya yule Mjerumani wa mafaili," akasema. "Nilidhani namwonya mtu mwingine. Kumbe karani wake ninaye mwenyewe." Kisha akasema, "Fomu za mkono bado zipo?"

Zilikuwapo, na zilikuwa za penseli. Tukarudi Issuna pamoja, kwa miguu, boma kwa boma, kuanzia jikoni. Tulihesabu mafiga na vilindo, tukauliza shamba hili nani anaamua lipandwe nini. Nilifuta na kuandika mbele ya wenyewe. Mwalimu alikohoa njia nzima na hakunilaumu tena, na ningefurahi angenilaumu. Orodha mpya tukaipeleka ofisi ya wilaya. Afisa aliyeipokea akasema viwanja vimekwisha kugawiwa na ya kwanza imeshapigwa muhuri. Mwalimu akakaa kwenye benchi la ofisi ile siku nne, asubuhi hadi jioni, na kikohozi chake, mpaka wakachoka kumsikia. Siku ya tano wakasaini.

Mama Mwiru akapata kiwanja. Msinidhanie kwamba mambo yaliisha vizuri. Kilikuwa cha mwisho kabisa, penye mawe, mbali na kisima, na ardhi yake haikuwa na hata koleo moja la samadi. Shamba lile jeusi lilibaki kule walikohama, likaota vichaka. Msimu mzima wa kupanda ulikuwa umempita. Nilimpelekea karatasi mwenyewe. Hakujua kusoma, akaniambia nimwonyeshe jina lake ni lipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka kidole chake pale, akakisogeza polepole hadi mwisho wa jina, akarudia.

"Na haya mengine?"

"Ni majina ya wanao, mama."

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimetembea tangu alfajiri, na sufuria ilikuwa motoni. Alinipa maji ya kunywa. Ugali hakunipa.

Kazi niliendelea nayo miaka mingi baadaye, hadi nikastaafu. Fomu zilibadilika, zikaja za rangi, zikaja za kukunja, ikaja mashine ya kuhesabu, na sasa hivyo vitableti vyenu ambavyo mtu akikosea havioneshi hata alama ya kifutio. Nimefundisha makarani wengi. Niliwaambia wasikae kwenye kiti wanachopewa wakati mwenye nyumba amekaa chini. Swali moja waliulize mara mbili, zizini na jikoni, na majibu yakitofautiana wasichague lililo rahisi. Wengi waliitikia ndiyo Mzee Rajabu, kama nilivyoitikia mimi. Waliofuata sijui ni wangapi. Nimekuwa mzee, sina tena nguvu ya kwenda kukagua.

Basi binti mrefu, mwandikie mwalimu wako kwamba elimu hii ilizaliwa siku watu walipong'olewa mahali walipozoea na mtu mwingine akataka kujua wameshikwa na nini. Wazungu wale waliona viwanda. Mimi niliona mambo za kupimia pale Issuna.

Na sasa lile jambo la kibarazani. Mliniuliza mkuu wa kaya hii ni nani. Kabla sijajibu, yule kijana wa miwani akasema, si ni mzee mwenyewe, na akabonyeza. Sikumsahihisha. Magoti yaliniuma, jua lilikuwa kali, nikasema moyoni wacha yaishe. Lakini nyumba hii mimi nilikaribishwa. Nilikuja na begi moja baada ya mke wangu kufariki. Aliyeijenga kwa kuuza vitunguu ni mwanangu Mwajuma, huyo aliyewaletea chai na mihogo, mkala, mkamwita dada, mkamshukuru. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi mlipobonyeza. Alisikia. Akarudi jikoni.

Mara ya pili sitainamisha kichwa. Njooni mrekebishe. Njooni mapema, kabla hajakwenda sokoni, mpitie nyuma, mumkute jikoni. Akiwapa chai, msinywe kwanza. Mwandikeni, mumwonyeshe jina lake.